Koti la Tangi

Tangi lilikuwa limekufa tangu jana yake, na mtu wa kwanza kuikuta maiti alikuwa Digrii, saa moja na nusu asubuhi, kipande cha mkate bado kimo mdomoni. Alivuta karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kurekodi, akaufuata mstari mwekundu kwa kidole. Mstari ulianza juu, ukateremka kama mlevi anayeshuka ngazi, ukafika chini kabisa. Alihesabu, akameza mkate, akahesabu tena. Saa saba. Lilitakiwa kushikilia joto kwa saa kumi na mbili, nalo limeshikilia saba.

Kwa asiyejua, tangi lenyewe halikuwa na maajabu. Lilikuwa pipa la chuma linalomfika mtu begani, ndani yake chumvi ya kiwandani, ile isiyoingia kwenye mboga. Ukiipasha mpaka nyuzi mia tatu inayeyuka na kuwa kama maji. Kisha saa nane mchana unazima umeme na kuiacha. Kazi yake ni moja tu, kulishikilia lile joto. Likishuka chini ya nyuzi mia mbili na arobaini, chumvi inaanza kuganda, na tangi linageuka jiwe la bei mbaya. Wakubwa wa Maabara ya Nishati ya Joto walikuwa wametangaza kwamba tangi kama hilo, likichota jua la mchana, litazipa hospitali maji ya moto hadi usiku wa manane. Walitangaza kwenye vipeperushi vya rangi, kwenye semina na mbele ya wafadhili, kabla hawajalipima hata mara moja.

Sasa lilikuwa limepimwa.

Digrii hakuitwa hivyo kwa sababu ya elimu. Alikuwa na stashahada, ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki kama kitambulisho cha marehemu. Aliitwa hivyo kwa sababu kutwa alizungumza habari za joto, limepanda ngapi, limeshuka ngapi, hata uji wa mtoto aliupima kabla hajamnywesha. Alikuwa fundi wa vipimo kwa mwaka wa tisa, kwa mkataba wa miezi sita sita, yaani mtu aliyeajiriwa mara kumi na nane na ofisi ileile, na kila mara akaulizwa kama ana uzoefu.

Mkurugenzi aliitisha kikao saa tatu. Yeye alikuwa daktari wa sera za nishati, na joto lenyewe alikuwa amelishika kwa mkono mara chache, nyingi zikiwa ndani ya kikombe. Alitaka kujua chanzo. Jumatano ya wiki iliyofuata Mgeni Rasmi angekuja kulizindua tangi, na kadi zilikwisha kuchapishwa.

Wakaanza kulitafuta kosa mezani. Ikasemwa huenda ni hita. Lakini hita zilinunuliwa na Naibu Mkurugenzi, naye alikuwa amekaa pale akitafuna kalamu. Ikasemwa huenda ni vihisi joto. Lakini vihisi vilikuwa zawadi ya wafadhili, na zawadi haikosei. Ikasemwa huenda ni kifuniko. Kifuniko kilichorwa na rafiki wa Mkurugenzi. Hapo likabaki koti. Koti ni lile vazi nene linalolizunguka tangi ili joto lisitoke, sufi iliyotengenezwa kwa mawe, imebanwa katikati ya kitambaa cha nyuzi za kioo. Na koti lilikuwa na sifa moja kubwa kuliko vyote vilivyotajwa: aliyelishona hakuwa chumbani.

“Kijana,” Mkurugenzi akamwambia Digrii, ambaye alikuwa na miaka arobaini na mitatu na kipara cha ukubwa wa kisahani, “hili koti lilishonewa wapi?”

Digrii akajibu kwamba lilishonewa nyumbani kwake, na mkewe, kama walivyokubaliana wote baada ya lile la kuagiza kukwama forodhani miezi mitano.

“Nyumbani,” Mkurugenzi akarudia taratibu, kwa sauti ya tabibu aliyeliona jipu. Wenzake wakatikisa vichwa. Naibu akaitoa kalamu mdomoni.

Kabla ya chakula cha mchana karatasi ilikuwa tayari. Ilisema tangi halikufikia kiwango kwa sababu ya hitilafu ya ushonaji wa koti, kazi iliyofanywa na fundi wa mtaani asiye na utaalamu. Chini palikuwa na mstari wa saini ya fundi wa vipimo. Mkurugenzi alimwita Digrii ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamwonyesha faili la kijani. Ndani yake, alisema, mna barua ya ajira ya kudumu, yenye jina lake. Ilingoja vitu vidogo tu. Alete karatasi hiyo imesainiwa kabla ya Ijumaa, na wasahau habari za mikataba ya miezi sita.

Digrii akashukuru. Aliposhukuru, aliinama zaidi kidogo kuliko alivyokusudia.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ukumbi, na ukumbi ulikuwa wa cherehani. Watu walikaa palipobaki. Mkewe alikuwa anashona sare za shule, mguu kwenye pedali, pini tatu mdomoni, na mama yake Digrii, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa amekalia kigoda akikata nyuzi kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Bibi alikuwa na ugomvi wake na lile koti. Kwa wiki tatu lilipokuwa linashonwa, vumbi la kioo lilienea ndani, na ukoo mzima ulijikuna kama umelala kichakani. Mpaka leo, mtu akimuuliza hali, Bibi hujibu kwamba anajikuna kwa ajili ya taifa.

Digrii aliwasalimu, akakaa, akasimama, akaomba maji, hakuyanywa. Mkewe akazitoa pini mdomoni.

“Baba watoto, una nini?”

Alisema hana kitu. Alisema tangi limesumbua. Alisema kuna karatasi moja ndogo ya kusaini. Alisema pia kuna habari njema, ajira ya kudumu, na Bibi akapiga kigelegele kifupi, akaanza kumwombea Mkurugenzi maisha marefu. Mkewe hakupiga kigelegele. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka kumi na minne, na alijua kwamba habari njema zake huwa zinaanza mwanzo, haziji mkiani mwa karatasi ndogo. Akanyoosha mkono. Digrii akaitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne kana kwamba ikizidi kuwa ndogo haitasomeka.

Aliisoma yote, kuanzia nembo ya ofisi. Alipofika kwenye maneno “fundi wa mtaani asiye na utaalamu”, aliyasoma kwa sauti, halafu akayasoma tena polepole, kama mteja anayekagua mshono.

“Mishono mia nne na sitini,” akasema. “Nilihesabu. Kila mshono nimeupita mara mbili. Sindano kumi na moja zimekatika. Hii ngozi ya vidole unaiona? Haijarudi mpaka leo.”

Digrii akamwambia anajua.

“Unajua. Na unaamini kwamba ni koti?”

Hapo Digrii akafanya kosa la kufikiri kabla ya kujibu. Alijibu kwamba haijathibitika. Alisema kitaalamu hakuna kinachoweza kutengwa mpaka kipimwe. Bibi, aliyekwisha kuiona ajira ya kudumu ikielekea mlangoni, akaingilia kati, akasema kwani jina la mkwewe limeandikwa humo. Halikuandikwa. Mafundi wa mtaani ni wengi, anaweza kuwa yeyote. Saini, mwanangu, tule.

“Mafundi wa mtaani ni wengi, mama,” mkewe akasema, “lakini aliyelivisha tangi koti ni mmoja. Mtaa mzima unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyewatangazia.”

Bibi akakata uzi mwingine. Ni kweli alitangaza. Alikwenda mpaka kwa muuza mkaa.

Mkewe akaikunja karatasi vizuri, akaiweka chini ya mkasi ili isipeperuke. Akamwambia mumewe asisaini kwanza. Kesho alipashe tangi moto kama kawaida. Yeye atakuja kuliangalia koti lake mwenyewe.

*

Langoni mlinzi alimsimamisha. Alimuuliza anakwenda wapi, anamfuata nani, na ana miadi. Alipojibu kwamba amekuja kuangalia koti, mlinzi alimwelekeza kwa dobi, ng'ambo ya barabara. Ilibidi Digrii aitwe. Hata hivyo kitabu cha wageni kilikuwa na sehemu tatu tu, Wafadhili, Wataalamu na Usafi, na mlinzi, ambaye hakupenda kuharibu kitabu, alimpa kitambulisho cha Usafi. Akakivaa shingoni. Ndani, mtu wa kwanza aliyekutana naye ukumbini alimwambia choo cha juu hakina maji.

Tangi lilikuwa limepashwa tangu alfajiri, na hita zilikuwa zinanguruma chini yake. Alilizunguka akiwa amekunja mikono ya blauzi. Kisha akaweka kiganja juu ya mshono wa kwanza. Hakuwa na kihisi joto hata kimoja, ila alikuwa amepiga pasi nguo za watu miaka ishirini, na kiganja chake kilijua tofauti ya moto unaokuja na moto unaoondoka. Akaufuata mshono kutoka chini mpaka juu, akahamia wa pili, wa tatu. Vuguvugu tu, kama ubavu wa ng'ombe. Digrii alimfuata nyuma akiwa na daftari, bila kuandika kitu, kwani hakukuwa na cha kuandika.

Upande wa mbele akasimama. Palikuwa na kitu kinachong'aa ambacho siku alipolileta koti hakikuwepo. Lilikuwa bamba la shaba, kubwa kama meza ya chakula, limeandikwa jina la maabara kwa herufi za wastani na jina la Mkurugenzi kwa herufi zinazosomeka ukiwa barabarani. Mkurugenzi alikuwa ameagiza litundikwe kwenye tangi lenyewe, si ukutani, ili mtu asiweze kulipiga picha tangi bila kumpiga na yeye. Bamba lilikuwa zito, kwa hiyo lilishikwa na nguzo fupi nne za shaba, kila moja nene kama kifundo cha mkono, zimefungwa kwenye chuma cha tangi, zikapenya koti, zikatoka nje.

Akaligusa, akaurudisha mkono haraka na kuupuliza.

Kisha akachungulia kwa nyuma, kwenye ule upenyo kati ya bamba na koti, akaona matundu manne. Hayakuwa yamechanika. Yalikuwa yamekatwa kwa kisu, mviringo safi, kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia.

“Nani amelikata koti langu?”

Digrii aliangalia daftari. Aliangalia hita. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kumsingizia.

“Mimi,” akasema.

Akaeleza kwa maneno mengi. Aliagizwa. Iliandikwa kwenye barua. Alifikiri ni nguzo nyembamba, hakujua zitakuwa nene hivyo, na zilipokuja tayari alikuwa amekwisha kutoboa. Alitaka kusema, lakini siku ile palikuwa na keki ya kulipongeza bamba, na huwezi kusema habari za joto kuvuja mtu akikupa kipande cha keki. Na kumwambia yeye nyumbani, aliona haya.

“Umelikata koti langu, ukanyamaza,” mkewe akasema. “Likashindwa, ukanyamaza. Wakasema ni mimi, ukashukuru.”

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Digrii alianza kusema kwamba shaba inapitisha joto kuliko chuma karibu mara nane, kwamba nguzo nne hizo ni sawa na kuliacha dirisha wazi wakati wa baridi, na kwamba bamba lenyewe, kwa upana wake, linalipepea joto nje kama sikio la tembo. Alilieleza vizuri sana. Mkewe akamuuliza kama haya yote aliyasoma leo.

Mkurugenzi akaingia wakati huo, akiwa na vipimo vya zulia jekundu. Digrii akajikaza, akamweleza jambo lilelile kwa adabu, akianza na pongezi. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka kwenye neno “bamba”. Baada ya hapo alisikiliza kwa uso. Akajibu kwamba yeye amesoma, na joto hupanda juu, bamba liko ubavuni, litavujaje. Halafu akageuka na kumuuliza mama wa usafi kama choo cha juu kimepata maji.

Digrii akanywea. Mkewe akakitazama kile kitambulisho shingoni mwake, akakigeuza ili neno Usafi lionekane vizuri, akamkaribia Mkurugenzi kwa heshima zote.

“Samahani, bosi. Nilikuwa naliangalia hili bamba lako. Limepauka.”

“Limepauka?”

“Hapo kwenye jina hasa. Mgeni akisimama pale mlangoni hasomi vizuri.”

Mkurugenzi alikwenda mlangoni, akasimama, akakunja jicho moja. Akarudi. Akasema kweli, hata yeye alikuwa na wasiwasi. Mama akasema linatakiwa litolewe lote, na nguzo zake, lisuguliwe kwa ndimu na majivu siku mbili. Mkurugenzi akamwagiza Digrii alifungue mara moja, na akaongeza, kwa sauti ambayo alitaka isikike ukumbini, kwamba watu wa chini wana jicho ambalo baadhi ya wataalamu hawana.

*

Alhamisi bamba lilikuwa uani, na Bibi, aliyekodiwa kwa chai na maandazi, alikuwa analisugua jina la Mkurugenzi huku akilisimulia maisha yake. Ndani, mkewe Digrii alikalia ndoo iliyopinduliwa, akajaza matundu manne kwa sufi, akayapiga viraka kwa sindano ya kupinda. Hakuzungumza na mumewe. Alimwomba mkasi kwa kunyoosha mkono, na yeye aliutoa haraka kama muuguzi. Saa nane mchana Digrii akazima umeme.

Ijumaa alifika kazini saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wafagiaji. Alitembea mpaka kwenye mashine ya kurekodi bila kuvua kofia. Mstari mwekundu ulikuwa bado unatembea. Nyuzi mia mbili arobaini na tatu. Akavuta kiti, akakaa mbele yake na kuukodolea macho kama mtu anayemwangalia mgonjwa akipumua. Arobaini na mbili. Arobaini na moja. Ulipogusa arobaini kamili, saa ya ukutani ilionyesha saa moja juu ya alama. Saa kumi na saba. Alivua kofia.

Alimpigia simu mkewe. Huko ng'ambo cherehani ikanyamaza, kisha ikaendelea. Alisema amesikia.

Mkurugenzi naye alifurahi kiasi cha kumkumbatia. Saa kumi na saba ni nambari ambayo hata kwenye ndoto zake za vipeperushi hakuthubutu kuiandika. Akaagiza bamba lirudishwe jioni ileile, maana lilikuwa limeng'aa vizuri. Digrii akasema wakilirudisha, joto litarudi kwenye saa saba.

“Kwani Mgeni Rasmi atakaa saa saba?” Mkurugenzi akauliza. “Atakaa dakika arobaini, pamoja na chai.”

Karatasi mpya ikapigwa chapa. Hii ilikuwa bora kuliko ile ya kwanza. Ilisema kwamba, baada ya wataalamu wa maabara kugundua na kurekebisha kasoro za ushonaji, tangi limeshikilia joto kwa saa kumi na saba. Mstari wa saini ulikuwa palepale. Tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka Jumatano, siku ya sherehe, ili isainiwe mbele ya kamera.

Jioni Digrii aliiweka karatasi hiyo juu ya meza ya cherehani, safari hii bila kuikunja. Mkewe aliisoma akiwa amesimama. Alisema kumbe yeye ndiye aliyeharibu, na wao ndio waliotengeneza. Akauliza kama viraka navyo walipiga wataalamu. Bibi akasema mwanawe ana watoto watatu na mama mmoja, na karatasi haimkati mtu pua. Aliyasema haya akikwepa macho, kwani vidole vyake bado vilinuka ndimu.

Digrii alimwambia mkewe kwamba kama hataki asaini, hatasaini. Aliyatoa maneno hayo kama zawadi. Mkewe akaikataa.

“Usinitwike mimi. Ukitaka, saini. Ila mimi niliolewa na mtu anayepima. Ningetaka mtu wa kusema analoambiwa, ningeolewa na redio.”

Wakala, wakalala, na kwa siku nne hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile aliyezungumzia joto, hata la chai.

*

Mgeni Rasmi alichelewa saa mbili na dakika ishirini, kwa hiyo tangi lilipashwa tena mara mbili ili lisimwaibishe mtu. Ukumbi ulijaa. Wafadhili walikaa mbele, wataalamu nyuma yao, na fundi wa vipimo alisimama ubavuni mwa tangi akiwa na koti jeupe alilokodishiwa, lenye mikono mirefu. Mkewe hakualikwa, lakini Bibi alikuwamo. Mlinzi alikuwa amempa kitambulisho cha Usafi kwa ajili ya lile bamba, na hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

Mgeni Rasmi alikata utepe. Alilitazama bamba lililong'aa, akanyoosha vidole viwili, akaligusa, akavirudisha kwa mshtuko mdogo wa furaha.

“Lina moto kweli,” akasema. “Nimelisikia joto kwa mkono wangu mwenyewe.”

Makofi yalilipuka. Wapiga picha wakaomba aliguse tena, naye akaligusa tena. Mkurugenzi aliona mambo yananoga, akanogewa zaidi. Akatangaza kwamba haya si maneno, ni sayansi, na akamwita fundi wao mahiri awasomee wageni kipimo kutoka kwenye daftari, halafu asaini ripoti hapohapo.

Digrii alifungua daftari. Ripoti ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Alisoma jinsi alivyozoea kusoma, bila kupandisha wala kushusha.

“Bila bamba, saa kumi na saba. Na bamba, saa saba.” Akapangusa jasho la mdomo. “Joto aliloligusa mheshimiwa ndilo linalovuja. Koti halina kosa na halijawahi kuwa nalo. Matundu niliyakata mimi.”

Mgeni Rasmi alivitazama vidole vyake viwili kana kwamba si vyake. Mkurugenzi alikuwa ametabasamu, na tabasamu likabaki pale usoni bila mwenyewe.

Mshereheshaji ndiye aliyeokoa jahazi. Aliinua kipaza sauti, akacheka kicheko kirefu, akasema hawa mafundi bwana, kwa utani hawajambo, tumpigie makofi. Watu walishusha pumzi. Wakacheka. Wakapiga makofi mengi kuliko yale ya kwanza, na mfadhili mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba ni jambo zuri ofisi inapokuwa na ucheshi. Digrii alisubiri wanyamaze ili arudie, lakini muziki ulikwisha kuwashwa. Ripoti ilisainiwa na Naibu Mkurugenzi, kwa kalamu aliyokuwa ameitafuna.

Bibi alitembea mpaka nyumbani bila kupitia kwa muuza mkaa. Alimweleza mkwewe yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye “matundu niliyakata mimi” akasimama, akasema huyu mtoto alimzaa mwenyewe, asije mtu akadai vingine. Digrii alipoingia, mkewe alimtengea chakula, akakaa naye mezani mpaka akamaliza. Halafu akamuuliza, kama anavyomuuliza mtu aliyetoka kazini, leo tangi lilikuwa nyuzi ngapi.

*

Mkataba wa kumi na tisa haukuja. Badala yake ilikuja barua ya mistari miwili inayosema nafasi yake imepitwa na teknolojia, na kumtaka arudishe koti jeupe likiwa limefuliwa. Faili la kijani halikutajwa. Digrii alianza kumsaidia mkewe kukata vitambaa, na alikata vizuri, ila alipima kila kitu mara tatu, na wateja wa sare walilalamika.

Mwezi wa pili baada ya barua hiyo, saa nne asubuhi, gari la maabara likasimama mlangoni. Aliyeshuka ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi, viatu vyake vikikwepa madimbwi. Alikaribishwa kigoda cha Bibi. Alikuwa amekuja, alisema, kwa jambo la heri. Wafadhili wamefurahi, wameagiza matangi mengine matatu. Makoti ya kuagiza yamekwama tena. Mkurugenzi ameona si vibaya kazi apewe mama, kwa kuwa ni mzoefu, na malipo yataanza kutolewa kabla hajatia uzi sindanoni. Akataja kiasi. Bibi akajishika kifua. Digrii, ambaye hesabu zilikuwa zinamjia bila kuziita, aliona ada za watoto watatu na kodi ya miezi minane vikipita mbele ya macho yake.

Mkewe akauliza vipimo. Katibu akafungua bahasha na kukunjua mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri, wa kompyuta. Makoti matatu, urefu, upana, unene. Upande wa mbele wa kila koti palikuwa na duara nne, zimepangwa kwa unadhifu, na pembeni yake maandishi: nafasi za bamba. Duara zilikuwa kubwa kidogo kuliko zile za zamani. Katibu akaeleza kwamba safari hii bamba litakuwa zito zaidi, kwa sababu Mgeni Rasmi naye ameomba jina lake liwemo.

Bibi akamtazama mkwewe, akautazama mchoro, akaanza kujikuna.

Mkewe akauchukua mkasi. Akazikata zile duara kwenye mchoro moja moja, taratibu, akazikusanya kiganjani, vipande kumi na viwili vya karatasi, akamwekea katibu mapajani.

“Mwambie bosi wako makoti nitashona,” akasema. “Matundu sishoni. Akiyataka, akayakate mwenyewe kwa mkono wake, na asaini.”

Akakanyaga pedali.